Rudieni Mpaka Jibu Sahihi Lipatikane

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi. Wanaonifahamu wanajua nitamtaja Mpemba, na wengine nawaona wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitamtaja.

Ya shule ya sekondari Magamba mwaka 1963 mnayajua: mwanafunzi Mpemba kaweka maziwa ya moto kwenye jokofu, aiskrimu yake ikawahi kuganda kuliko ya mwenzake ambaye hakuchemsha, mwalimu akasema kijana kachanganyikiwa. Hayo nayaruka. Nataka tukae na yaliyotokea baadaye, maana hapo ndipo chuo kikuu kinapoingia.

Erasto Mpemba sasa yuko shule ya sekondari Mkwawa, Iringa. Dk. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, amekuja kuzungumza na wanafunzi. Kijana anasimama: vyombo viwili sawa, maji kiasi kimoja, haya ya nyuzi 35, yale ya nyuzi 100. Kwa nini ya 100 yanawahi kuganda? Wenzake wakaangua kicheko. Osborne hakuwa na jibu, na wala hakuamini. Aliporudi Dar alimpa fundi wa maabara kazi ya kupima. Fundi akaja na matokeo: kweli, ya moto yamewahi. Halafu akaahidi, na hapa nisikilizeni, kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi!

Jibu analo mkononi, bado analitafuta! Bahati nzuri bosi wake hakulitupa. Mwaka 1969 makala ikatoka kwenye jarida la Uingereza, jina la Mpemba na la Osborne pamoja.

Najua kuna mtu pale nyuma anajiandaa kuniuliza: mbona jambo lenyewe linabishaniwa mpaka leo? Ndiyo, linabishaniwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima, wakasema hawakuona ushahidi wa maana. Safi kabisa, wamepima! Mwaka 2012 wanakemia wa hukohuko walipoomba maelezo ya jambo hili, yaliingia zaidi ya 22,000. Sasa nawe nitajie tasnifu moja kwenye kabati letu iliyowahi kubishiwa hata na mtu mmoja.

Yule fundi bado yupo, tunamzalisha sisi. Muhula uliopita nasahihisha daftari la mwaka wa pili, jaribio la pendulamu: gololi inabembea kwenye uzi, unatafuta mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao vitabuni ni 9.8. Naona 9.8 imekaa juu ya rangi nyeupe ya kufutia. Nikakwangua kwa ukucha: 9.2. Nikamwita. "Umepima uzi kutoka wapi mpaka wapi?" Akanionyesha: mpaka pale ulipofungwa kwenye gololi. Hakufika katikati ya gololi! Kosa lote lilikuwa pale, zuri, la kujifunzia, na alikuwa amelipaka rangi kwa sababu 9.8 ndiyo yenye maksi. Nani alimfundisha hivyo? Msinitazame, najua ni mimi.

Mnasema tatizo ni fedha. Fedha ni tatizo, sibishi, ila kidole cha kunyoosha kwenye mstari wa uzi hakiombewi ruzuku.

Nilikuwa na mengi kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, mwenyekiti ananionyesha saa. Basi moja tu: hataza hutolewa kwa kitu kipya. Usikimbilie kongamano na slaidi zako zote, halafu wiki ya pili ndiyo uulize BRELA, ofisi inayosajili hataza, iko wapi. Ya viwanda tutayaongea siku nyingine.

Yule kijana karudia juzi, kapata 9.7. Hajaifuta. Haya, maswali.