Kuhesabiwa na Mmoja Hayupo

Mhadhara uliotolewa usharikani Dar es Salaam, Jumapili ya pili ya Majilio

Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji, wazee wa kanisa, akina baba na akina mama, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, asanteni kwa kunipa jioni hii. Mimi si mchungaji wala mtaalamu wa saikolojia. Nimefundisha historia shule za sekondari kwa miaka 31. Kilichonileta mbele yenu ni kaburi moja lililoko Mamba, Vunjo, kwetu Kilimanjaro, chini kidogo ya nyumba yetu, katikati ya migomba. Amelala mama yangu pale tangu Februari 2017.

Kila Desemba mnasikia jijini humu: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, yaani wanarudi kwao Kilimanjaro kwa Krismasi. Anayesema hucheka, na sisi wenyewe tunacheka. Lakini tangu nifiwe, neno hilo nimelishika kwa uzito, maana Injili ya Luka sura ya pili inaanza na jambo lilelile. Kaisari Augusto anatoa amri watu waandikwe, kila mmoja anashika njia kwenda mji wa kwao, na Yusufu anatoka Nazareti na mchumba wake mjamzito. Yaani Krismasi ya kwanza kabisa ilikuwa safari ya kwenda kwao kuhesabiwa. Sasa, wanaohesabu ng'ombe jioni wanajua: huwezi kuhesabu bila kuona aliyepungua. Najua hapa ndani wapo ambao mwaka huu hesabu yao imepungua. Wengine nimewazika nao. Hao ndio ninaosema nao.

Nianze na makosa yetu.

Krismasi ya 2017 ndiyo ilikuwa ya kwanza bila mama. Tulipanda basi sote, kilomita zaidi ya mia tano, tukashuka Himo, tukapanda gari dogo la Noah kwenda juu. Na tulikuwa tumeelewana, bila mtu kutamka, kwamba tutafanya kila kitu kama kawaida ili baba asilie. Mbuzi alinunuliwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haikuwapo, kwa sababu mwenye kuipika ndiye huyo tuliyemzika, basi tukanunua kreti za bia na za soda tukazipanga ukutani. Watoto wakavaa nguo mpya. Kanisani tukakaa mstari uleule.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekata nyama. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na beseni mkononi. Nyama imetandazwa juu ya majani ya mgomba, mafungu yanapangwa. Kwetu nyama haigawiwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, kufuatana na undugu wake na heshima yake, na hata mtoto anajua la shangazi ni lipi na la babu ni lipi. Kaka akafika kwenye fungu la mama. Alikuwa ameshalishika kwa mkono wa kushoto, kisu kiko kulia, akasimama. Wanaume waliokuwa naye wakaangalia kwingine, mmoja akauliza kama maji yamechemka. Kaka akalitumbukiza lile fungu kwenye sufuria ya supu, haraka, kama mtu anayeficha kitu. Nililiona likizama.

Kesho yake, tarehe 26, akaja shangazi yetu, dada yake baba. Alikuja na kata yake mwenyewe ya kunywea kwenye mfuko, kama alivyozoea miaka yote. Akakaa, akaitoa, akauliza, "Mbege ya wifi yangu iko wapi?" Hakuna aliyejibu. Mke wa mdogo wetu akamletea soda. Shangazi akairudisha kata mfukoni taratibu, akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba ambako lile pipa la mama la mbege lilikuwa limepinduliwa kifudifudi, akakaa juu yake. Akalia kwa sauti. Akamlilia mama kwa Kichaga, kwa jina la utotoni ambalo sisi watoto hatukuwahi kuthubutu kulitamka. Uani kukawa kimya. Kisha baba akainuka na fimbo yake, akamfuata kule nyuma.

Tulikuwa tumekaa siku tatu nyumbani kwa mama, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtaja.

Mwaka uliofuata tukakimbia. Mmoja alisema ana kazi, mwingine akasema nauli, mimi nikasema mgongo. Nilipika pilau hapa Dar, nikafungua redio, na siku ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Jioni baba akapiga simu. Hakulalamika, mzee yule hakujua kulalamika. Alisema tu, "Tumekula watu wanne. Nyama imebaki."

Ndugu zangu, kwetu nyama ya Krismasi haibaki.

Nilikaa na maneno hayo mwaka mzima, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo nimekuja kuwaambia. Tunapofiwa tunafikiri kilichobaki kitupu ni kiti. Mimi nawaambia kiti ni kitu kidogo, mjukuu yeyote atakikalia. Kinachobaki bila mtu ni kazi. Mama alikuwa na kazi yake katika Krismasi, na sikukuu nzima ilikuwa imeegemea hapo: mbege, fungu lake la nyama ambalo alilikata vipande tena na kuwapelekea wajane wawili wa jirani, na sala ya usiku wa tarehe 24 ambayo aliianza yeye kabla ya baba. Sisi tulijaribu kufanya sikukuu kana kwamba kazi hizo hazikuwapo. Halafu tulipoona haziwezi kufichika, tukaiacha sikukuu.

Mwaka 2019 nilikwenda mapema. Desemba hiyo ndiyo treni ya abiria ilirudi Moshi baada ya miaka mingi, na ningependa sana kuipanda, lakini tiketi ya basi nilikuwa nimeshakata. Nilifika nikawaambia baba na mke wa mdogo wangu: mwaka huu mbege itapikwa.

Mnaoijua kazi hiyo mnajua haifanyiki siku moja. Ndizi zinavundikwa hadi ziive, zinamenywa, zinachemshwa kwa saa nyingi mpaka rangi inageuka nyekundu, kisha zinaachwa zichachuke siku kadhaa. Pembeni una ulezi uliouloweka, ukauotesha, ukauanika, ukausaga, na huo unaupikia uji. Halafu kuna gome la msesewa, ndilo linaloipa mbege ule uchungu wake. Hapo ndipo mama alipokuwa fundi. Hakuwahi kupima kwa kikombe wala kwa kijiko. Alivunja gome, akalinusa, akavunja tena.

Gome lake tulilikuta. Lilikuwa juu ya dari ya jikoni, limefungwa kwa kamba ya mgomba iliyokauka, jeusi kwa moshi. Alilifunga mwenyewe kwa ajili ya Krismasi ambayo hakuiona. Tulipolipindua pipa tukakuta ndani yake mkwaruzo, mstari mfupi wa msumari, upana wa vidole vitatu. Mke wa mdogo wangu, ambaye ndiye aliyemwuguza mama mpaka mwisho, akasema, "Maji yanafika hapo." Kumbe alikuwa anajua. Miaka miwili alikuwa anajua, na hakuna aliyemwuliza.

Mbege yetu ilitoka chungu mno. Msesewa ulizidi. Shangazi akaja na kata yake, akaonja, akafumba macho, akasema si ya wifi yake. Akanywa yote, akaomba tena. Na kaka alipofika kwenye fungu la mama, safari hii alilinyanyua, akasema kwa sauti, "Hili ni la mama," akalitaja jina lake lote, akamkabidhi mke wa mdogo wetu. Yule mwanamke alilipokea kwa mikono miwili. Alilia, baba akalia, mimi nikalia, kisha tukala. Jioni vipande viwili vikapelekwa kwa wale wajane.

Najua kuna mtu hapa anajiuliza kama hayo ni ya Kikristo. Swali hilo ni halali, na ni la zamani. Wazee wetu walimwaga pombe na kuchinja kwa ajili ya mizimu ya ukoo. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893, na Mamba kwetu mwaka 1894, wengi wao waliona mila hizo kuwa kikwazo. Mmoja wa waliowafuata, Bruno Gutmann, aliyetumika Kilimanjaro, hasa Moshi ya zamani, katika miaka ya kati ya 1902 na 1938, alisisitiza kwamba ukoo na ujirani ni vifungo alivyoviweka Mungu mwenyewe, na kanisa lisivikate. Sikubaliani na kila alichoandika, lakini hapo naona aliona mbali. Sisi hatukumwomba mama kitu. Hatukummwagia pombe. Tulimkumbuka mbele za Mungu, tukaendeleza kazi yake. Kumkumbuka mtu na kumwabudu ni mambo mawili.

Na msidhani wataalamu wa Ulaya walikuwa na jibu lililo bora kuliko la ukoo. Mwaka 1917 Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyechunguza mambo ya nafsi, aliandika kwamba kazi ya maombolezo ni kuukata moyo kidogo kidogo kutoka kwa aliyekufa, mpaka uwe huru. Fundisho hilo lilitawala miaka mingi, na bado tunalisikia kila siku: msahau, songa mbele. Lakini Januari 1920 binti yake Sophie akafariki kwa homa ya mafua. Mwaka 1929, siku ambayo binti huyo angetimiza miaka 36, Freud alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger, ambaye alikuwa amefiwa na mtoto, akakiri kwamba pengo la namna hiyo halipati mbadala, na kwamba ni sawa liwe hivyo, maana ndiyo njia ya kuendeleza upendo ambao hatutaki kuuacha. Yule aliyefundisha kukata hakuweza kukata. Mwaka 1996 watafiti watatu wa Marekani, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, walitoa kitabu kinachosema wazi kwamba wafiwa wengi hawakati uhusiano, wanaubadilisha tu, na kwamba huo si ugonjwa. Shangazi yangu hajasoma kitabu hicho. Alikuja na kata.

Kuna watu wawili katika habari ya Krismasi ambao huwa hatuwaweki kwenye igizo la watoto. Wa kwanza ni Raheli. Mathayo, anapoeleza jinsi Herode alivyowaua watoto wa Bethlehemu, anamleta mama huyo anayewalilia wanawe na kukataa kufarijiwa. Amekataa, na Mathayo amemwacha hivyohivyo, hakumkemea. Wa pili ni Ana, mjane mkongwe wa hekaluni, aliyeishi na mumewe miaka saba tu akabaki peke yake mpaka uzee. Huyu ndiye mmoja wa wa kwanza kumshukuru Mungu kwa ajili ya yule mtoto. Kwa hiyo ukija kanisani tarehe 25 na macho mekundu, hujaiharibia mtu sikukuu. Watu wa namna yako walikuwamo tangu mwanzo.

Sasa ya nyumbani. Kabla hujapanda basi, piga simu. Ulizaneni: marehemu alikuwa na kazi gani siku ile? Aliyechinja ni nani, aliyesoma neno, aliyewagawia watoto peremende, aliyeamka wa kwanza kuwasha moto? Kazi hiyo mpeni mtu, kwa jina, na mwambieni ni ya nani. Kama mwaka huu hakuna anayeiweza, semeni pia, na iacheni ipumzike mwaka mmoja. Mjane au mgane aulizwe yeye kwanza. Msimwamulie kwa kumhurumia, kama tulivyomfanyia baba.

Kama msiba ni wa miezi mitatu au minne iliyopita na mtu anasema hawezi kukaa karamuni, mwacheni aondoke mapema, na asifuatwe na maswali. Na tafadhali, msikope fedha ili sikukuu ya kwanza ionekane kubwa. Nimeona familia zikichinja ng'ombe kuziba kilio, na Januari zinalia mara mbili.

Wengi wetu tunautumia msimu huu kujengea kaburi au kusimika msalaba, kwa kuwa ukoo wote upo. Ni vizuri. Ila nawaomba, wekeni siku yake, tarehe 27 au 28. Msiibane kati ya ibada na chakula, mtu akalia huku anaitwa akapokee sahani. Na kama kuna ugomvi wa kihamba, shamba la ukoo, uliozuka tangu mazishi, wazee wapo, na sale lipo limeota palepale kaburini. Mnajua ndugu akikuletea jani la sale huwa anaomba msamaha. Lipokeeni.

Baba naye alitutoka mwaka 2021. Hesabu imepungua tena. Sala ya usiku wa tarehe 24 sasa anaianza kaka, na sauti yake inakwama palepale kila mwaka, anapofika kwenye majina. Tunamsubiri.

Ulezi wa mwaka huu nimeununua Kariakoo Jumatano. Naondoka tarehe 13 na basi la alfajiri. Leo asubuhi, kabla sijaja hapa, mke wa mdogo wangu amenitumia ujumbe: mikungu mitano imeshakatwa na kuvundikwa, pipa limeoshwa, na safari hii anaomba msesewa apime yeye mwenyewe. Nimemjibu apime.