Mfiwa ndo kapewa bili: sheria za majimbo ya Marekani zinazowakinga wauza bunduki

Naomba nianze na bili, maana bili ndo iliyonifanya niifuatilie hii mada. Julai 2012 kule Aurora, Colorado, jamaa aliingia sinema na bunduki akaua watu 12. Risasi alinunua mtandaoni, zaidi ya elfu nne, zikaletwa kwa parseli kama mtu aliyeagiza viatu. Wazazi wa binti mmoja aliyeuawa wakawashtaki duka la mtandaoni la Lucky Gunner na wenzake waliomuuzia vitu yule jamaa, na wala hawakudai hela, walitaka tu wabadilishe namna wanavyouza. 2015 jaji akaitupa kesi, halafu akaamuru wazazi wawalipe mawakili wa wale wauzaji, dola kama 203,000 hivi.

Naona mnatazamana. Ndiyo, mfiwa ndo kapewa bili. Na jaji hakujitungia, sheria ya Colorado ya mwaka 2000 ilisema kesi ya aina hii ikitupwa basi aliyeshtaki ndo anabeba gharama. Kwangu mimi hilo ndo jino lenyewe. Kushindwa kesi ni kitu kimoja, ila ukijua ukishindwa unauza nyumba, wewe hata kwa wakili huendi.

Sasa hizi sheria zilitoka wapi? 1998 New Orleans ilikuwa mji wa kwanza kuzishtaki kampuni za bunduki, Chicago ikafuata mwaka huohuo ikidai dola milioni 433, hoja yao ni kwamba polisi, ambulensi, hospitali, vyote mji unalipa halafu faida anakula mwingine. Na walikuwa wameona kampuni za sigara zinavyobanwa mahakamani. Kampuni za bunduki nazo zikaona, zikakimbilia mabunge ya majimbo. Atlanta ilifungua kesi yake Februari 1999, na mwezi huohuo, mwezi huohuo jamani, jimbo la Georgia likapitisha sheria kwamba mji hauna ruhusa, mwenye haki ya kushtaki ni jimbo peke yake. Louisiana nao 1999 wakaifanyia hivyohivyo New Orleans, na 2001 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema sawa tu, mji ni mtoto wa jimbo, mzazi akikataza imeisha.

Kali kuliko zote ni Indiana. Mji wa Gary ulifungua kesi 1999 ikaburuzwa miaka na miaka, haifi wala haiponi, sasa 2024 bunge la jimbo likapitisha sheria mpya kwamba ni jimbo tu linaloweza kushtaki, na kuirudisha nyuma ianze kuhesabika Agosti 27, 1999, yaani siku tatu kabla Gary haijafungua kesi! Mimi nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea mwaka.

Juu ya hayo yote kuna ile ya nchi nzima, PLCAA, inayowakinga watengeneza na wauza bunduki wasishtakiwe mtu akitumia bunduki kufanya uhalifu, Rais Bush aliisaini Oktoba 2005.

Kaka mmoja kaniuliza mlangoni, kwani mtu akikatwa panga tunamshtaki mhunzi? Swali zuri na ndo hoja yao kubwa. Hatumshtaki. Ila duka likimuuzia panga mtu anayesema wazi anaenda kumkata jirani, hapo hata sheria ya 2005 imeacha upenyo, na bunduki mbovu inayojifyatulia yenyewe pia unaweza kushtaki. Upenyo mwingine ni pale kampuni inapovunja sheria ya biashara. Familia tisa za waliouawa kwa bunduki kwenye shule ya Sandy Hook, Connecticut, walipitia hapo, hawakusema bunduki imeua, walisema Remington, kampuni ya bunduki, alivyoitangaza ndo kosa, wakitumia sheria ya jimbo ya matangazo na biashara. 2022 wakalipwa dola milioni 73, na bima ndo zilitoa hela maana kampuni yenyewe ilishafilisika.

Lakini angalia, hiyo ni Connecticut. Ungefia jimbo lingine mambo mengine kabisa. 2023 Colorado wakaifuta ile sheria ya 2000, miaka minane baada ya ile bili, na mwaka huohuo Tennessee, wiki chache tu baada ya watu sita kuuawa shuleni Nashville, watatu watoto wa miaka tisa, gavana akasaini sheria ya kuwaongezea kinga watengeneza bunduki.

Dada pale mbele mkono umekaa juu muda mrefu, karibu uulize.