Kadi ya Fursa au Kadi ya Bluu? Tuongee Ukweli Kuhusu Viza za Kazi Ujerumani

Habarini wapendwa, karibuni tena. Leo hakuna mbwembwe. Kila nikifungua meseji nakutana na swali lile lile: "Dada, niombe viza gani ya Ujerumani?" Nami huuliza kwanza: shahada yako inatambuliwa huku? Kimya.

Basi tuanzie hapo. Kuna hifadhidata ya vyuo na shahada za nje inaitwa anabin, iko mtandaoni na hulipii kitu. Ni ya Kijerumani na sura yake ya kizamani, lakini vumilia. Chagua nchi yako, tafuta chuo ulichosomea. Kikiwa na alama ya H+, chuo chako kinatambuliwa. Wengi hufurahia hapo wakafunga ukurasa. Ngoja kwanza! Tafuta na shahada yenyewe. Ukiona neno "entspricht" au "gleichwertig", yaani inalingana na ya Ujerumani, chapisha kurasa zote mbili uziweke kwenye faili lako. Shahada haionekani? Omba tathmini kutoka ZAB, ofisi ya kutathmini vyeti vya nje iliyoko Bonn, ada yake euro 208. Wauguzi na madaktari, ninyi mna njia yenu ya kutambuliwa na mamlaka za jimbo, nitawafanyia video yenu.

Sasa, una mkataba wa kazi mkononi? Kama unao, achana na habari za Kadi ya Fursa, ile viza ya kuja kutafuta kazi. Angalia mshahara wa mwaka mzima kabla ya makato. Kwa 2026, Kadi ya Bluu, kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wenye shahada, inataka angalau euro 50,700. Ukiwa kwenye fani zenye uhaba wa watu, kama uhandisi au tehama, au kama hujapitisha miaka 3 tangu uhitimu, kiwango kinashuka hadi euro 45,934.20. Na hizo senti 20 si mapambo. Mkataba ukiandikwa 45,900, umekosa. Mrudie mwajiri mapema umwonyeshe kiwango cha kisheria, maana kinachopungua hakifiki hata euro 3 kwa mwezi. Aliyekusaka mpaka huko hatashindwa na hizo.

Mimi naipenda Kadi ya Bluu kwa sababu ya familia. Mume au mke wako haulizwi cheti cha Kijerumani ndipo akufuate, na akifika anaruhusiwa kufanya kazi. Makazi ya kudumu unaweza kuyaomba baada ya miezi 27 ukiwa na Kijerumani cha A1 (ngazi ya mwanzo kabisa), au miezi 21 ukiwa na B1 (ngazi ya kati). Watu wa tehama msio na shahada, msijitoe: uzoefu wa miaka 3 ndani ya 7 iliyopita unaweza kuwafungulia mlango huu.

Haya, Kadi ya Fursa, kipenzi cha maajenti. Ilianza Juni 2024. Inakupa hadi mwaka mmoja wa kuja kutafuta kazi ukiwa huku huku. Unahitaji alama 6, na kwenye karatasi zinapatikana: chini ya miaka 35 ni alama 2, uzoefu wa miaka 5 ndani ya 7 ni alama 3, Kiingereza cha C1 (ngazi ya juu) ni 1. Umefika, na Kijerumani hujui hata salamu! Ila sasa sikiliza upande wa pili. Lazima uonyeshe euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani 13,092 kwa mwaka, na wengi huziweka kwenye akaunti ya kufungiwa, ile ya benki unayotoa kiasi fulani tu kila mwezi. Kazi unaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki mpaka upate ajira kamili. Familia inabaki nyumbani. Halafu unaingia kwenye usaili, bosi anaanza kwa Kijerumani. Kwa maoni yangu, bila B1 usiiguse, hata kama alama zimetimia.

Na yule ajenti anayekwambia Kenya imetengewa maelfu ya nafasi kwa sababu ya mkataba wa Kenya na Ujerumani uliotiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, mwulize nafasi hizo zimeandikwa ukurasa gani. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilisema mkataba ule hauna idadi yoyote.

Mshahara wako haufikii Kadi ya Bluu? Ipo viza ya kawaida ya mtaalamu, hata wenye vyeti vya ufundi inawahusu, na makazi ya kudumu ni baada ya miaka 3. Kuna kaka mmoja ana miaka 47, ni mhandisi, aliniandikia kwamba anaitaka hii kwa sababu ni "nyepesi". Kaka yangu, kwako si nyepesi. Anayepewa mara ya kwanza akiwa ameshatimiza miaka 45 anatakiwa alipwe angalau euro 55,770 kwa mwaka 2026, au athibitishe ana pensheni ya kutosha. Kadi ya Bluu haina sharti hilo la umri. Wewe na uhandisi wako, 45,934.20 inakutosha. Omba hiyo.