Seti ya Hotpoti na Neti 64

BEKA: Zuena, Jumamosi nimeibiwa kwenye mashindano ya gofu.

ZUENA: Simu tena?

BEKA: Hotpoti! Seti ya hotpoti tatu, zile za maua. Nimemaliza na neti 70, yaani mapigo yangu ukitoa handikapu, na mwenye machache ndiye mshindi. Nishakaa meza ya mbele nasubiri picha. Mara anatangazwa mgeni, neti 64.

ZUENA: Na nyumbani ulishaahidi.

BEKA: Mama Salma alishatoa nafasi kabatini.

ZUENA: (anacheka) Basi leo kipindini nina mambo matatu: handikapu, yale mapigo mtu anayopunguziwa, inatoka wapi, slopu ni nini, na kwa nini ukihama uwanja hesabu inabadilika. Mgeni alipiga ngapi?

BEKA: 90. Kapewa 26.

ZUENA: Na uwanja?

BEKA: Reti, yaani mapigo anayotarajiwa mchezaji asiye na handikapu, 71.2. Slopu 128.

ZUENA: 90 toa 71.2 ni 18.8. Zidisha kwa 113, slopu ya uwanja wa kawaida, gawa kwa 128, unapata 16.6. Hiyo ndiyo tofauti ya raundi yake. Mfumo wa dunia, ulioanza 2020, unaangalia raundi zako 20 za mwisho, unachukua 8 bora, unatafuta wastani wa tofauti zake. Hiyo ndiyo indeksi, handikapu yako kabla ya kurekebishwa kwa uwanja.

BEKA: Na zile 12 mbovu?

ZUENA: Hazihesabiwi. Ndiyo maana siku nyingi mtu haifikii handikapu yake.

BEKA: Mwizi anapita hapo hapo! Jumanne ukipiga vizuri, kadi ya matokeo inaishia mfukoni. Ukiboronga, unaipeleka mbio. Indeksi inapanda, unasubiri siku ya hotpoti.

ZUENA: Una ushahidi?

BEKA: Tulikuwa kundi moja. Shimo la 16, mpira umezama mchangani chini ya ukingo. Mtu wa indeksi 25 kama yake, hapo anachimba kisima. Yeye kaulaza uso wa fimbo, mchanga kidogo tu, mpira futi tatu kutoka shimoni. Eti "bahati".

ZUENA: Huenda ni bahati kweli. Na ameshakatwa. Tofauti ya raundi ikiwa chini ya indeksi kwa 7.0 au zaidi, indeksi inashushwa. 25 toa 16.6 ni 8.4. Anakatwa 1.

BEKA: Moja! Kaondoka na hotpoti tatu, anakatwa moja!

ZUENA: Angefika 10 angekatwa 2.

BEKA: Hata hapo hotpoti moja ni ya bure. Zawadi zitolewe kwa jumla ya mapigo, bila handikapu.

ZUENA: Washinde vijana wale wale kila mwezi, sisi wengine tulipe ada tuwapigie makofi?

BEKA: Mfanye mazoezi.

ZUENA: Mimi nilianza na 54, Beka, mwisho kabisa wa kipimo. Bila neti nisingerudi.

BEKA: Wewe hufichi kadi.

ZUENA: Basi shida ni kadi. Handikapu haina kosa.

BEKA: Handikapu ndiyo iliyompa 26.

ZUENA: Sikubali.

BEKA: Usikubali.

ZUENA: Tunaoneshwa dakika moja, na slopu sijaigusa.

BEKA: Sema kwa kifupi.

ZUENA: Kwa kifupi haisemeki. Inaanzia 55 hadi 155, na—

BEKA: Muda umekwisha. Wasikilizaji, kwaherini.