Sari Kuukuu, Uzi wa Pindo

Walimu wangu, wanafunzi, ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha.

Hii niliyoishika ni kantha, mfarishi wa akina mama wa Bengali, eneo la mashariki mwa India na Bangladesh. Zamani ilikuwa sari. Tena si moja: ni sari kadhaa za pamba, zilizovaliwa na kufuliwa mpaka zikalainika, zikapangwa moja juu ya nyingine, kisha zikapigwa bandi ndogondogo, ukingo hadi ukingo. Uzi nao, kwa desturi, haukununuliwa. Mama alichomoa nyuzi za rangi kwenye pindo la sari ileile, akashonea samaki, tembo na ua la yungiyungi. Sari mpya ingekuwa ngumu mno kumfunika mtoto mchanga. Kwa hiyo msiseme hawa walikuwa wakiokoa matambara. Uchakavu ndio uliokuwa ukitafutwa.

Sasa twende Kutch, kule Gujarat, magharibi mwa India, kutoka ambako pwani yetu imepokea wafanyabiashara na vitambaa kwa karne nyingi. Mafundi wa huko hupiga chapa kitambaa kiitwacho ajrakh kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Buluu hutoka kwenye nili. Na nyeusi? Huchukua vyuma chakavu vyenye kutu, wakavitia majini pamoja na sukari guru, wakaviacha vichachuke kwa siku nyingi. Maji yale huchanganywa na unga wa mbegu za ukwaju yawe mazito, ndipo yapakwe kwenye kibao. Kutu tunayoikwangua na kuitupa, kwao ni rangi.

Lakini nisiwadanganye kwamba kazi ya asili haina gharama. Ajrakh huoshwa mara nyingi, na hunywa maji mengi. Baada ya tetemeko la Januari 2001 maji ya kijiji cha Dhamadka yalizidi chuma, rangi zikaharibika. Mafundi wengi wakahama, wakajenga Ajrakhpur, karibu na mji wa Bhuj. Fundi wa rangi huyajua maji kwa namna ambayo mwenye kiwanda kikubwa hajalazimika kuyajua, na hilo linanigusa sana.

Kutch hiyohiyo ina bandari ya Kandla. Hapo nguo zilizokataliwa Ulaya na Marekani huchambuliwa kwa mikono, daraja kwa daraja, na marobota mengi hupakiwa tena kuja Afrika. Robota linalofunguliwa alfajiri kwenye soko la Gikomba, Nairobi, huenda limepitia huko. Ukilichambua utakuta poliesta tele. Hiyo hailainiki kama pamba ya sari, na kila ikifuliwa humwaga vinyuzi vya plastiki majini. Kantha ya poliesta inaweza kushonwa, ila haitanyonya jasho la mtoto.

Naipitisha mikononi mwenu. Igeuzeni upande wa nyuma, mtaona samaki yuleyule. Na pale penye kona, chini ya mkia wake, tabaka la juu limechanika kidogo: chunguliani, kuna sari nyingine ndani, nyekundu.