Jina la Mzee Kwenye Ukurasa wa Taa

RUKIA: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu. Leo tuliwaahidi mambo matano ambayo mwenye tovuti ndogo yafaa ayajue kuhusu sheria za faragha. Omari anayo kwenye karatasi.

OMARI: Waaleikum salaam. Ninayo, lakini uso wako leo si wa karatasi. Kuna nini?

RUKIA: Tangu Jumanne sijalala vizuri. Mwaijua tovuti yangu ya majina ya samaki. Naitunza kwa mapenzi tu, haina tangazo, nailipia mwenyewe. Basi Jumanne usiku ikaingia barua pepe kutoka Ujerumani, kwa binti wa mzee mmoja mvuvi. Ataka nitoe jina la babake na picha, la sivyo atanishtaki kwa sheria ya faragha ya Ulaya, ile GDPR. Kutafuta, nakuta faini yaweza kufika yuro milioni 20. Nikaifunga kompyuta nikakaa gizani.

OMARI: Pole sana, dadangu. Lakini tulia. Sheria ile imeanza kutumika Mei 25, 2018, na kweli humfikia hata aliye nje ya Ulaya, ila awe anawalenga watu walioko kule kwa bidhaa au huduma, au anafuatilia nyendo zao mtandaoni. Binti kukaa Ujerumani peke yake hakutoshi. Mzee mwenyewe yuko wapi?

RUKIA: Yuko papa hapa Mombasa. Kila asubuhi humkuti ila soko la samaki la Mji wa Kale, amekalia ndoo yake.

OMARI: Basi ya kukuhusu ni sheria yetu ya Kenya ya kulinda data, ya 2019. Umemwandika nini?

RUKIA: Ni ukurasa wa taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani. Nimeweka jina lake kamili, fulani bin fulani, na mtaa. Picha ni ya mkono wake, ameushika mkia wa taa, mwiba umesimama kama sindano ya kushonea magunia. Chini yake nikaeleza kuwa taa alimdunga mguuni, na kidonda kikakawia kupona kwa sababu ana sukari.

OMARI: Rukia! Sukari ya mtu?

RUKIA: Ni yeye aliyenambia! "Andika, mwanangu, vijana wajue taa si wa kukanyaga."

OMARI: Sikiliza. Sweden kulikuwa na mama akiitwa Bodil Lindqvist, akijitolea kanisani. Akatengeneza kurasa za kuwasaidia waumini waliokuwa wakijiandaa kwa kipaimara. Akaandika habari za wenzake, na kwamba mmoja ameumia mguu, yuko kwenye likizo ya ugonjwa ya nusu muda. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Novemba 6, 2003 majaji wakaamua: habari ya mguu ule ni habari ya afya. Na ukishaweka mtandaoni kila mtu aone, huwezi tena kusema haya ni mambo ya nyumbani kwangu.

RUKIA: Mguu na mguu, subhanallah. Sukari nimeitoa Jumatano asubuhi. Lakini jina siligusi. Bila jina la aliyesema, mimi nitaandika nini? Kwamba samaki fulani yuwaitwa tafi, basi?

OMARI: Tasi.

RUKIA: Usianze.

OMARI: Mamangu ni wa Unguja. Kwetu ni tasi.

RUKIA: Na Dar watakwambia chafi. Sasa ona: Dar wasema chewa, mchele, nchi. Sisi Mvita twasema tewa, mtele, nti. Chafi akifika huku lazima awe tafi. Njia yake yaonekana! Tasi yako yatoka wapi?

OMARI: Yatoka kwenye sufuria ya mamangu. Nyanya yangu akimtoa miiba ya mgongo kwanza, kwa sababu ile ikikudunga mkono wawaka moto mpaka jioni.

RUKIA: Hilo la miiba nitaliandika. Nyanya alikuwa wa mtaa gani?

OMARI: Umeona? Washaanza kumwandika na nyanya yangu!

RUKIA: Kwa sababu tasi bila Unguja haina maana! Mtu akija miaka 50 ijayo atajuaje nani alisema tasi na nani alisema tafi?

OMARI: Andika "mvuvi wa Mji wa Kale". Yatosha. Sheria yetu inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti, na habari za familia vilevile, pamoja na majina ya wazazi, watoto, mke au mume.

RUKIA: Majina ya wazazi? Pwani hii jina la mtu bila la babake ni jina gani? Nikiita "Ali" pale sokoni watageuka watu 15.

OMARI: Ndiyo sheria. Na mzigo wa kuthibitisha idhini ni wako. Unayo wapi?

RUKIA: Ni mdomo wake, mbele ya watu. Na binti si yeye. Mzee hajanambia toa.

OMARI: Akisema, idhini yaweza kuondolewa wakati wowote. Toa sasa, kisha kamuulize.

RUKIA: Siwezi. Miaka 40 baharini, kila alichonifunza amenipa bure, halafu mimi nimgeuze "mvuvi mmoja"? Huo ni wizi, Omari.

OMARI: Na kumuweka mwili wake mbele ya ulimwengu wakati familia yasema hapana, hilo wewe waliitaje?

RUKIA: Makampuni makubwa yana mawakili wa kujibu barua kama ile. Mimi niko peke yangu saa sita ya usiku. Sheria haikunifikiria.

OMARI: Imekufikiria kidogo. Mwenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 hahitaji kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa kwa kazi zilizotajwa, kama afya na elimu. Ila kutosajiliwa hakukutoi ndani ya sheria. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi.

RUKIA: Hao ni watoto. Mzee ni mtu mzima mwenye akili zake. Sikubali.

OMARI: Wala mimi sikubali.

RUKIA: Adhana hiyo.

OMARI: Na karatasi yangu? Sijasoma hata la kwanza.

RUKIA: Wiki ijayo, inshallah. Kesho alfajiri nashuka sokoni nimuulize mwenyewe.

OMARI: Na usiku wa leo jina liko pale?

RUKIA: Liko. Zima maikrofoni, tukaswali.