Kufomati Diski ya Nje Bila Kupoteza Data

Ndugu wasikilizaji,

Wengi wenu mmefika hapa mkitaka kujua namna ya kufomati diski ya nje huku yaliyomo yakibaki salama. Napenda kusema wazi tangu mwanzo kwamba kufomati kwenyewe hakuhifadhi chochote. Kinachookoa data ni nakala iliyowekwa kwenye kifaa kingine na kukaguliwa kabla ya diski kuguswa.

Kila diski ina mfumo wa faili, ambao ni mfano wa daftari linaloonyesha kila faili inaitwaje na imehifadhiwa wapi. Ukifomati kwa njia ya haraka, daftari hilo hubadilishwa kwa jipya lililo tupu, lakini data kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka hubaki mahali pake mpaka zitakapoandikwa nyingine juu yake. Ndiyo maana programu kama PhotoRec huweza kufukua picha zilizodhaniwa zimepotea, ingawa mara nyingi hurudi bila majina yake ya awali. Kufomati kikamilifu ni jambo jingine kabisa: tangu Windows Vista, njia hiyo huandika sufuri katika diski nzima, na baada ya hapo hakuna cha kufukua. Kwa diski za SSD, yaani zisizo na sehemu ya kuzunguka, hata njia ya haraka si ya kuaminiwa, kwa kuwa kompyuta inaweza kuiarifu diski kwamba nafasi yote iko huru, nayo ikaanza kuisafisha yenyewe.

Kwa nini basi mtu afomati? Mara nyingi sababu ni FAT32, mfumo usiopokea faili moja yenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi. Mtu ananakili video ya gigabaiti 6 kwenye diski yenye nafasi tele, kisha anaambiwa kuwa faili ni kubwa mno. Kama diski hiyo hutumika kwenye Windows pekee, hana haja ya kufomati: amri ya convert E: /fs:ntfs, ambapo E ni herufi ya diski yake, huigeuza FAT32 kuwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows, na kuziacha faili mahali pake. Hata hivyo, amri hiyo haina njia ya kurudi nyuma, na umeme ukikatika katikati ya kazi madhara yanaweza kuwa makubwa. Kwa hiyo nakala inahitajika hata hapo. Anayetumia Windows na Mac kwa pamoja atahitaji exFAT, mfumo wa faili ambao zote mbili husoma na kuandika, kwa sababu Mac husoma NTFS lakini kwa kawaida haiandiki juu yake, na amri ya convert haifanyi kazi ya kugeuza kuwa exFAT.

Wapo wanaoigawa diski hiyo hiyo sehemu mbili, wakahamishia data upande mmoja na kufomati mwingine. Inawezekana, iwapo mfumo ni NTFS na nafasi inatosha, lakini siishauri, maana diski ikiharibika pande zote mbili huondoka pamoja.

Kunakili peke yake hakutoshi. Linganisha idadi ya faili na jumla ya baiti za folda ya asili na za nakala, ukiacha kipimo cha nafasi iliyotumika kwenye diski, ambacho hutofautiana kati ya mfumo na mfumo. Kumbuka pia faili zilizofichwa. Kisha ichomoe diski ya asili, ufungue faili kadhaa kubwa kutoka kwenye nakala, na video uitazame hadi mwisho wake.

Ukiwa tayari kufomati, chomoa kifaa chenye nakala, ili usiweze kukichagua kwa bahati mbaya. Itambue diski yako kwa jina na ukubwa, ukijua kwamba diski ya terabaiti 1 huonekana kwenye Windows kama gigabaiti 931 hivi.

Iko hali moja ambayo ninawasihi msiiharakishe: unachomeka diski yenye data zako, na kompyuta inakutaka uifomati kabla ya kuitumia. Usikubali. Ujumbe huo maana yake ni kwamba daftari halisomeki, na data huenda bado zipo. Zitoe kwanza kwa programu ya kurejesha, ukizihifadhi kwenye diski nyingine, ndipo uifomati.